Basi la Kigoma–Tabora: basi nyota nne, konda nampa zake peke yake

Kila wiki kuna mtu ananiuliza WhatsApp, kaka naenda Tabora nipande basi gani, na siku zote nilikuwa najibu kwa mkato tu, panda lolote yote sawa. Sasa nimerudi Jumapili, nimepumzika, nimeona niandike kwa urefu kabisa maana yote siyo sawa, na tofauti yake haipo kwenye siti wala kwenye kiyoyozi, ipo kwenye kitu ambacho mtu wa Dar au wa Moshi hata hakimjii kichwani akiwa anakata tiketi.

Majina ya makampuni sitaji. Kuna moja nitalisema vibaya na moja nitalisema vizuri, kote kuna wafanyakazi wenye familia, ninachotaka ni msafiri ajue aulize nini kabla hajatoa hela yake.

Tuanze na ya kawaida tuyamalize. Nilipanda stendi ya Masanga, tuliambiwa tufike saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi likaondoka kumi na mbili na dakika kumi, siyo mbaya. Siti mbili kwa mbili, mgongo wa siti yangu ulikuwa umelegea nikawa nimelala muda wote nitake nisitake. Kiyoyozi kinafika mbele, sisi wa nyuma tulifungua madirisha. Chaji ya simu kwenye siti yangu haikufanya kazi, ya jirani ilifanya. Nauli ni ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tiketi ya mashine, hakuna longolongo za begi lako limezidi ongeza elfu mbili. Dereva mtu mzima, hana mbwembwe, anashika njia yake. Nguruka tulisimama dakika ishirini ya kuchimba dawa na kula, samaki wa kukaanga wa mto Malagarasi na ugali wa muhogo, nilishiba vizuri na mikono nikanawa kwa maji ya moto, yule mama anastahili pongezi.

Haya sasa jambo lenyewe.

Ukitoka Dar kwenda Moshi unaweza kulala njia nzima, hakuna mtu atakuamsha akuulize babu yako kazikwa wapi. Ukitoka Kigoma unaamshwa. Uwe unapita Kasulu, Kibondo na Kakonko kwenda Nyakanazi au unapita Uvinza na Kaliua kama sisi, kuna vizuizi, basi linasimama, mtu anapanda, anatazama sura moja moja, anaomba kitambulisho. Ukikosa unaulizwa mtendaji wa kata yako nani, shule ya msingi ulisoma wapi, mwenyekiti wa kijiji anaitwa nani. Sababu yake wote tunaijua, Burundi iko hapo Manyovu, Congo iko ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu kuna kambi ya wakimbizi tangu 1996, na watu wanavuka. Nchi yoyote inataka kujua nani kaingia nyumbani kwake, hilo mimi sibishani nalo kabisa. Shida ni kwamba Kiha, lugha yetu Waha wa Kigoma, na Kirundi ni mtu na mdogo wake, Muha akiongea na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Majina ndiyo usiseme, mapacha wetu Bukuru na Butoyi, mapacha wao Bukuru na Butoyi, sasa afande aliyeletwa kutoka mkoa mwingine atatutofautisha kwa kitu gani? Kwa karatasi. Na asiye na karatasi siku hiyo anakuwa mgeni, hata kama babu wa babu yake amelima Heru mpaka amezikwa Heru.

Shangazi yangu alishushwa mwaka juzi. Alikuwa anakwenda Tabora kwa binti yake aliyejifungua, kadi ya mpiga kura ameiacha kwenye mkoba mwingine, NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, alikuwa na namba tu na hakuibeba. Akaambiwa shuka mama tuongee. Akashuka na pochi ya mkononi basi. Lile basi, la kampuni ile ninayoisema vibaya, lilisubiri dakika kumi, konda akachungulia dirishani, akagonga bodi, twende. Likaondoka. Begi lake limo kwenye buti, dawa zake za presha zimo kwenye begi, unga wa uji wa mzazi aliousagisha usiku kucha umo humo. Saa kumi na moja jioni ndiyo mtendaji wetu alipatikana kwenye simu akamtambua, akaambiwa mama nenda salama. Aende na nini? Alilala kwenye baraza ya duka la mtu asiyemjua, mwanamke wa miaka hamsini na nane, katika nchi aliyozaliwa. Begi tulilipata Tabora baada ya siku nne na tukadaiwa hela ya kulihifadhi. Nilipopiga ofisini kwao nikajibiwa kwamba abiria asiye na kitambulisho hilo ni jukumu lake mwenyewe, na simu ikakatwa. Ndiyo maana hiki kitu nakiandika kama sehemu ya huduma, kwa sababu kizuizi siyo cha kampuni ya basi, lakini kumsubiri abiria uliyechukua nauli yake ni cha kampuni ya basi.

Safari hii nilikaa na bibi mmoja. Tangu Kigoma tumesalimiana, nimempa shikamoo, akaitikia marahaba halafu akahamia kwenye Kiha na kupiga makofi taratibu vile wazee wa Buha wanavyosalimia, nyumbani wazima, ng'ombe wazima, mvua vipi huko kwenu. Anakwenda Urambo kwa mjukuu wake.

Baada ya Nguruka tukasimamishwa. Afande alikuwa kijana, mpole, wazee wote aliwapa shikamoo, hilo niliseme kwa haki. Alipomaliza siti za nyuma akawa amewashusha watu watatu, vijana wawili wa siti ya mwisho kabisa, na bibi yangu. Bibi aliulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiha, Kiswahili anakisikia ila hakimtoki, na Kiha chake kwa sikio la mtu wa mbali ni Kirundi tu. Akafungua pindo la kanga akatoa kikaratasi chenye namba ya NIDA. Nilikiona kwa macho yangu, kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kimetoboka kwenye mikunjo, tarakimu nane za mwanzo zinasomeka, zile za tarehe ya kuzaliwa, zilizobaki kumi na mbili ni ukungu wa wino na jasho.

Hapo ndipo konda aliponifanya niandike hii. Alizima muziki. Akamwambia dereva zima gari, siyo liache linanguruma, zima. Akasimama katikati akasema, "Jamani nina abiria watatu chini. Tunawasubiri. Anayetaka kunyoosha miguu ashuke." Halafu akashuka yeye wa kwanza akamshika bibi mkono kwenye ngazi.

Tulisubiri dakika hamsini, na basi lililozimwa kwenye jua la saa saba na watu arobaini ndani, mnajua wenyewe maneno yanavyoanza.

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa ndiye alianza, wafukuzwe wote wanatuchelewesha, kila siku ni wao. Ticha mmoja wa sekondari akamuunga mkono kwa kumbukumbu ambayo siwezi kuipuuza, alisema nyie vijana mmesahau miaka ile mabasi ya Kibondo yanasindikizwa na polisi wenye bunduki kwa ajili ya majambazi, silaha zile zilitoka wapi kama siyo kwenye vita vya jirani? Ni kweli. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nililala chini ya siti pale Kasulu tukiambiwa tuinamishe vichwa. Mtu aliyeibiwa akiwa amelazwa kifudifudi barabarani ana haki ya kuuliza nani anaingia.

Kijana mmoja akaonyesha kwenye simu video za Marekani, watu wanakamatwa kazini wanapandishwa kwenye magari, akasema mbona Marekani wenyewe na utajiri wao Trump karudi 2025 anafukuza kwa wingi, sisi tuna nini cha kugawa. Jirani yake akamjibu vizuri sana, akamuuliza na kaka yako aliyeko Durban ana kibali? Kijana akanyamaza, kweli kaka yake hana, anauza matunda kule na kila wakianza vurugu za wageni nyumbani hawalali.

Halafu akaongea mkulima wa tumbaku wa Urambo, mzee mwenye kofia, taratibu, na basi zima likamsikiliza. Alisema vijana kama wale wawili waliochukuliwa ndio wanamkatia kuni, ndio wanachuma majani na kuyapanga kwenye bani, banda la kukaushia, vijana wa kijijini kwake wamekwenda kuendesha bodaboda. Akasema na jambo lingine ambalo watu wengi kule mashambani wanalijua na hawalisemi, kwamba wapo wakulima wanamtumikisha kibarua msimu mzima kwa ahadi ya kulipwa mwisho, tumbaku ikishauzwa wanapiga simu, njooni hapa kwangu kuna mhamiaji haramu. Kijana anabebwa, hela inabaki. Alisema jirani yake amejenga nyumba ya bati namna hiyo. Yule mama wa dagaa aliyeanza akasema huo sasa ni wizi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hapa nataka niseme la kwangu, maana kwenye basi sikusema. Neno haramu linaniuma. Mimi nimekulia Ujiji, kwetu haramu ni neno zito, ni nguruwe, ni riba, ni mali ya yatima, mtoto akiitwa wa haramu watu wanapigana. Kuvuka mpaka bila kibali ni kosa la sheria, lina adhabu yake, na mtu anaweza kurudishwa kwao kwa hilo kosa. Lakini mtu mwenyewe anakuwaje haramu? Ukishamwita hivyo ndiyo unapata ujasiri wa kula jasho lake, na ndiyo konda anapata ujasiri wa kugonga bodi na begi la mama wa watu likiwa kwenye buti.

Na tusijifanye hatujui mambo yanavyokwenda yakifanywa kwa jumla jumla. Mwaka 2013 Rais Kikwete alitoa wiki mbili watu wasio na vibali waondoke wenyewe, Septemba ikaingia Operesheni Kimbunga, huku kwetu Kigoma, na Kagera na Geita pia. Maelfu waliondoka. Ndani yao walikuwemo majambazi, sawa, lakini walikuwemo pia watu walioishi hapa miongo, wanawake walioolewa na Watanzania, watu wenye watoto shuleni. Kila familia ya Kigoma ina mtu wa kukutajia. Kupanga watu kwa sura na lafudhi ndiyo kunaleta hayo, kwa sababu mkimbizi wa Nyarugusu, kibarua asiye na kibali na Muha aliyesahau kadi nyumbani wakikaa siti moja hakuna macho yanayoweza kuwatenganisha. Hata sheria haiwachukulii sawa, mkimbizi ana kesi yake, hatakiwi kutoka kambini bila ruhusa lakini pia harudishwi kwenye moto aliokimbia, kibarua ana ya kwake, na Muha hana kesi kabisa. Kuwatenganisha kunahitaji muda. Dakika kumi za konda aliyemwacha shangazi hazitoshi.

Mtu wa mwisho kuongea mle ndani alikuwa mzee wa siti ya mbele, wa Ulyankulu. Akasema mimi niliingia nchi hii 1972 nimebebwa mgongoni, baba aliuawa Burundi mwaka huo huo. Wale wa 1972 walipewa makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori wakalima, na 2007 wakaulizwa mnarudi au mnabaki. Waliobaki wakakubaliwa uraia 2010, zaidi ya watu 162,000, lakini vyeti vikakaa kwa sababu kwanza walitakiwa wahamishwe wakatawanywe mikoa mingine, mpaka 2014 ndiyo wakaanza kukabidhiwa. "Miaka arobaini na miwili," akasema, "nalima tumbaku ya Tanzania, nauza kwa chama cha ushirika, nalipa ushuru, halafu ukisafiri unaomba kibali kama mtoto wa shule." Cheti chake anacho kwenye bahasha ya nailoni, akakitoa, kikapita mikononi siti hadi siti, kila aliyekishika alikishika kwa pembeni asikichafue. Ndiyo nchi hii hii ambayo Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya wakimbizi, 1983 kwa kupokea watu. Tumewahi kuliweza hili jambo bila kukimbizana.

Nikashuka kuona bibi anaendeleaje. Konda alikuwa amechuchumaa mbele yake na simu, amebonyeza *152*00#, ile ya kutafuta namba ya NIDA, na inataka majina, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama mzazi. Tarehe ilikuwepo kwenye zile tarakimu nane. Jina la mama bibi alilitaja mara ya kwanza vile anavyomwita yeye, kwa Kiha, ikakataa. Nikamuuliza kwa Kiha, bibi siku ile mnaandikishwa ulimwambia yule karani jina gani la mama? Akafikiria. Akasema mama alibatizwa, akataja jina la ubatizo, taratibu, kama mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Konda akaliandika. Mara mbili mtandao ukakata. Mara ya tatu meseji ikaingia, tarakimu zote 20. Afande akaziangalia, akahakiki kwake, akamrudishia bibi kile kikaratasi kwa mikono miwili akamwambia samahani bibi tumekuchosha. Bibi akampigia makofi ya kumshukuru na yule kijana hakujua afanye nini na mikono yake.

Wale vijana wawili hawakuwa na namba wala kadi wala kibali. Walisema wenyewe, wametoka ng'ambo, wanakwenda kuvuna Tabora. Wangebaki. Konda akaenda kwenye buti akawatolea mfuko wao, mmoja tu wa wote wawili, akawauliza mbele ya afande kama kuna kilichopungua. Kisha akatoa hela mfukoni, akahesabu elfu kumi na mbili kila mmoja, nauli ya kipande ambacho hawatakwenda. Mtu mmoja dirishani akapiga kelele unawarudishia hela wahamiaji haramu? Konda hakugeuka hata. "Walikata tiketi ya Tabora," akasema, "hapa siyo Tabora." Afande aliitikia kwa kichwa tu. Mmoja wa wale vijana alipokea kwa mikono miwili na nikaona viganja vyake, sugu mpaka kwenye vidole, vimepasuka kama udongo wa kiangazi, umri wake haufiki ishirini.

Sijui mtaichukuliaje, mimi nilirudi kwenye siti yangu nikawa siwezi kuongea. Wale watoto sheria itawarudisha kwao, na sina hoja ya kuizuia. Lakini wamerudi na mfuko wao na hela yao, na kuna mtu mmoja njia nzima aliyewaita abiria.

Kwa hiyo nyota za hili basi ni nne. Tulifika Tabora saa kumi na moja jioni badala ya saa tisa na siwadai hata dakika moja. Nyota moja nimeiondoa ofisini siyo barabarani, kwa sababu wakati wa kukata tiketi hakuna aliyetuambia beba kitambulisho, na hiyo sentensi ingekaa hata nyuma ya tiketi ingewaokoa wengi. Chaji za siti za nyuma na ule mgongo wa siti namba 38 pia vitengenezwe. Ukikata tiketi njia hii, kampuni yoyote, waulize swali moja: abiria wenu akishushwa kuhojiwa mnamsubiri? Ukiona wanacheka au wanazunguka-zunguka, hamia dirisha linalofuata. Na namba ya NIDA ya mama yako au bibi yako iandike upya leo, iwekee nailoni, nyingine iweke kwenye simu yako wewe.

Konda aliiandika upya ile namba kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kipande cha boksi, akampa bibi, akaniambia kaka nisaidie aishike kichwani. Bibi hajui kusoma. Nane za mwanzo zilikuwa zinamtoka vizuri, tukaanzia ya tisa, mimi nasema yeye anarudia, na yule mzee wa Ulyankulu akawa anageuka kila akikosea. Mpaka anashuka Urambo alikuwa amefika ya kumi na nne.